Injini Mbili za Kujaribiwa

Ilikuwa mwaka 1987, mwishoni mwa kiangazi, mvua za masika zikiwa zimekaribia. Mtu aliyejulikana mjini kwa jina la Mhandisi, ingawa hakupata kujenga hata banda la kuku, alikuwa akinywa chai katika mkahawa wa stesheni aliposikia kwamba mwenye kiwanda cha saruji anatafuta injini ya dizeli ya kuvuta mabehewa yake.

Mhandisi hakuwa na injini. Hilo halikumzuia. Alikuwa na rafiki, dereva wa shirika la reli, ambaye siku za Jumapili hakuangaliwa na mtu.

Alasiri hiyohiyo alikuwa ameketi mbele ya mwenye kiwanda, mzee mwenye vumbi la saruji hadi kwenye nyusi.

"Mzee, watu wengi huponzwa na ukubwa," alisema. "Ukileta injini ya safari ndefu kwenye kona zako hizi, itaacha reli. Kazi ya yadi haitaki mbio. Inataka injini fupi, ivute mzigo mzito polepole, isimame, irudi nyuma, ivute tena kutwa nzima."

"Na kupeleka mzigo mpaka kituo cha makutano je?"

"Hapo unataka kubwa kidogo. Ninazo zote mbili, shirika linaziuza kimyakimya. Wewe toa malipo ya awali tu, mengine niachie mimi."

"Nitatoa. Lakini mimi sinunui viatu bila kuvivaa, mwanangu. Nizione zikivuta mabehewa yangu, tena yamejaa."

Mhandisi alimwonea huruma, hisia ambayo matapeli huwa nayo kabla tu ya kupokea fedha.

Jumapili dereva alileta injini ndogo, kwa mafuta na kifuta jasho vilivyotoka mfukoni mwa Mhandisi. Ilikusanya mabehewa kutoka kila pembe ya yadi na kuyapanga langoni yakawa treni moja ndefu.

"Kona inazikata vizuri," alisema mzee. "Makutano itafika?"

"Itachemka njiani, mzee, nisikudanganye," alijibu Mhandisi, na hilo ndilo neno la kweli pekee alilolisema wiki hiyo.

"Basi nione ile nyingine."

Ile nyingine ilikunywa mafuta kupita kiasi, na mfuko wa Mhandisi ulikuwa mtupu. Nyuma ya nyumba yake, hata hivyo, yalikuwapo mabati ya mama mkwe wake, aliyoyaweka hapo kwa amana ili aezeke upya nyumba yake kabla ya masika. Mhandisi aliyauza.

"Mkwe wangu, mabati yangu yako wapi?" aliuliza mama huyo.

"Yamekwenda kupakwa rangi, mama," alijibu, macho chini kwa heshima.

"Sikuomba rangi."

"Ni zawadi, mama."

Jumapili iliyofuata injini kubwa iliivuta treni nzima hadi makutano. Mhandisi aliingia ofisini akisugua viganja.

"Umechagua ipi, mzee?"

"Zote nzuri. Sinunui."

"Zina kasoro gani?"

"Hazina. Injini yangu ilikatika ekseli, na kipuri kimefika juzi. Shida yangu ilikuwa saruji iliyokwama yadini, nawe umeifikisha kwa wateja. Ahsante sana."

"Nitakwenda polisi, mzee."

"Nenda, baba. Ukifika, waeleze injini zilikuwa za nani."

Mhandisi alikaa. Akaeleza habari ya mabati.

"Ya mama mkwe?" Mzee alitikisa kichwa, yeye pia alikuwa na mama mkwe. "Ninahitaji mtu wa kuunganisha mabehewa. Kazi ya yadi umeieleza vizuri sana. Sasa uishike."

Akaishika, kwa mikono iliyotoka malengelenge. Mvua ilimtangulia kabla hajapata fedha ya mabati, mama mkwe akahamia kwake na kupewa chumba, naye Mhandisi akalala sebuleni, akiamshwa alfajiri kwa swali lilelile.

Hatimaye, siku moja mvua ilipopumzika, alisukuma mkokoteni wa mabati hadi nyumbani kwa mama mkwe, mwenyewe akimfuata nyuma. Mama aliyakagua moja baada ya jingine, akalikataa moja lililopinda, akangoja Mhandisi aende kulibadilisha na kurudi.

"Haya," alisema. "Ngazi iko nyuma ya jiko."