Mtu wa Tatu Kumezwa

Jumatatu, 3 Juni
Nimeonewa! Kikundi chetu kinaigiza kwa nyimbo hadithi ya zimwi lililomeza kijiji, ila tumeigeuza: safari hii zimwi halina njaa. Ni pweke tu, linameza watu lipate wa kuzungumza nao. Na uzimwi kapewa nani? Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani! Mimi je? Mtu wa tatu kumezwa. Nimo tumboni karibu mchezo mzima, ndani ya mapazia aliyoyashona mwenyewe. Hata pua haionekani. Wimbo mkubwa ni mmoja, nao ni wake. Lazima uwe wangu.

Jumatano, 5 Juni
Nimempelekea shemeji maji ya barafu kabla ya mazoezi, sauti impotee. Kanywa yote, kaniita ndugu wa kweli. Kaimba vizuri kuliko jana! Mwalimu wa kwaya, anayetuongoza, kaagiza sote tunywe. Koo langu limevimba.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemnong'oneza Mwalimu kwamba shemeji anasahau maneno. Kafurahi ninavyomjali, kaniagiza nikae naye nimfundishe. Saa mbili nzima! Sasa hakosei hata neno.
Haidhuru. Keshokutwa nitauanza wimbo kabla yake, humo humo tumboni. Nimeshamwambia mke wangu asikilize kwa makini, mwimbaji halisi ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Alasiri. Ukumbi umefurika, mke wangu mstari wa mbele. Nikavuta pumzi. Shemeji akaniwahi: "Sikuwameza kwa njaa..."
Jamani! Huyu huyu aliyenishonea suruali mguu mmoja mfupi! Sauti ile ilinishika moyo. Nikasahau mpango, nikasahau na mke. Nikalia.
Zipu ya tumbo ikafunguliwa, wenzangu wakatoka mbio wakishangilia. Mimi nikabaki humo nimekumbatia mapazia, kwikwi zangu zikisikika hadi mlangoni. Zimwi likainama, likaniuliza kwa upole mbona sitoki. Nikajibu siwezi kuliacha peke yake.
Hilo hatukuliandika popote! Ukumbi mzima ukasimama. Shemeji akalia. Mke wangu akapiga vigelegele.

Jumapili, 9 Juni
Mwalimu kaamua: kuanzia sasa sitatoka tumboni. Hadithi imepata mwisho wake, kasema. Shemeji kaja kunishukuru, machozi yanamlenga. Maskini, hajui nilipanga yote tangu Jumatatu!
Nimemweleza Mwalimu kwamba watu sasa wanafuata kilio changu, kwa hiyo wimbo wa zimwi ufutwe. Akauliza, bila wimbo huo nitalizwa na nini?
Swali gani hilo? Na wangu. Nimeshatunga beti nne.