Inkongoro ya Takataka

Jumatatu, 3 Juni. Karuba.

Leo nimepata wazo la kummaliza Evode! Jumamosi ni kura ya msimamizi mkuu wa Kilima. Kilima tumeitengeneza sisi wawili: madirisha, vitufe na picha zote anazoziona mtu akiwasha kompyuta. Programu huria, haina bei, anayetaka anaifungua na kuirekebisha. Miaka mitatu naipalilia. Msimamizi ndiye anayeamua kinachoingia na kinachotoka, na lazima niwe mimi. Wapiga kura ni watumiaji wetu watatu. Shule ya Kirolirwe wako upande wangu. Duka la Kirotshe, upande wa Evode. Imebaki koperative ya fromaji, yaani jibini, ya Mama Umugwaneza, hapa hapa Karuba.

Basi, niwapendeze wafugaji. Lile pipa la takataka kwenye skrini, unapotupia faili usizozitaka, baya sana, nimelifuta. Mahali pake nimechora inkongoro, kile chombo chao cha mti cha kunywea maziwa, na kifuniko chake kabisa. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, lakini jicho ninalo.

Jumatano, 5 Juni.

Nimepanda kilimani kutafuta mtandao, nimetuma toleo jipya. Ng'ombe waliniangalia kwa heshima. Kabla sijashuka, ripoti ya kosa kutoka kwa Evode: "Kaka Katembo, mu inkongoro hatutupake uchafu. Rudisha pipa." Yeye kazaliwa kwa wafugaji, basi anajifanya mwalimu. Wivu mtupu! Nimeifunga ripoti. Sababu niliyoandika: si kosa.

Alhamisi, 6 Juni.

Nimepita koperative. Nikamuuliza Mukakalisa, karani wao, kama picha mpya imempendeza. Akasema iko muzuri, lakini yeye hawezi kuigusa. Heshima hiyo! Kura ninayo mfukoni.

Ijumaa, 7 Juni.

Balaa. Kompyuta ya koperative imegoma. Bidoni za maziwa zimejaa mlangoni, hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye kompyuta, na jua linapanda. Nilifika mbio nikitangaza kwamba Evode ameharibu kazi yangu. Nikachungulia: diski imejaa pomoni! Mukakalisa hupiga video za ng'ombe kwa ajili ya wanunuzi wa Goma, kisha huzifuta siku ile ile. Tangu toleo langu lifike, hajafuta hata moja. Nikamuuliza kwa nini. Aliyejibu ni Mama Umugwaneza: "Papa Katembo, wee unakunywaka maziwa mu poubelle?"

Nikasema hapana, kwenye pipa la takataka sinywi. Akasema basi.

Evode alifika na pikipiki kutoka Kirotshe, matope hadi magotini, akarudisha pipa kwa dakika kumi. Mama akampa maziwa. Mimi nikapewa maji. Iliniuma, nakiri.

Jumamosi, 8 Juni.

Kura mbili kwa moja. Evode ndiye msimamizi. Alinipigia simu, akasema tuendelee pamoja, kwamba madirisha yote niliyaandika mimi na hakuna anayeyajua kama mimi. Karibu nilie. Nikamwambia nitafikiri.

Jumapili, 9 Juni.

Nimefikiri misa nzima. Padri alihubiri juu ya unyenyekevu, kwa hiyo nilipata muda wa kutosha. Uzuri wa programu huria njo huu: ukishindwa, unachukua nakala yako na kuanza yako. Nitaanza yangu! Na kosa nimeliona. Nilichora chombo, wakati wafugaji hawapendi chombo, wanapenda ng'ombe. Mahali pa pipa nimemchora Gaju, ng'ombe kipenzi wa Mama Umugwaneza, mdomo wazi, na lile baka jeupe la paji la uso. Unamtupia takataka, anameza, anacheua kidogo. Kesho asubuhi nampelekea Mama mwenyewe aone. Atalia kwa furaha.