Jinsi Kidole Alivyoishusha Filimbi Siku ya Harusi ya Dada Yake

Enyi mabwana na mabibi, wekeni simu chini, na huyo anayetafuna karanga atafune polepole! Nawahadithia habari za Kidole, simba wa chumba cha nyuma, mpiga kinanda kwa kidole kimoja kwa kuwa vingine vyote havijui kazi, na siku aliyoshuka vitani dhidi ya filimbi.

Alikuwa ametunga wimbo wa kumwingiza dada yake ukumbini, na sauti aliyoirekodi ikiimba ni ya mama yao mzazi. Harusi ilikuwa jioni ileile, na dereva aliyetumwa kuuchukua wimbo alishafika, anapiga honi mlangoni. Mama, gauni jipya mwilini na mkoba kwapani, akasikiliza. Filimbi ikamfunika gubigubi.

"Mwanangu, mimi niko wapi humo?"

"Ewe mama mtukufu uliyenizaa!" akanguruma shujaa, akasimama, kiti kikaanguka. "Naapa mbele ya spika hizi mbili, filimbi hiyo nitaishusha, hata kwa gharama ya uhai wangu!"

"Haya, ishushe basi. Na kiti uokote."

Sasa jueni kwamba kompyuta yake ni kongwe, ikipewa kazi nyingi inagoma. Kwa hiyo Kidole huzipakia ala zote, ngoma, besi, gita na filimbi, ndani ya kinanda kimoja cha programu, kila ala na chaneli yake. Lakini kwenye skrini, ukiacha mstari wa sauti ya mama, ala hizo zote huonekana kama mstari mmoja tu, "Kinanda", wenye kijiti kimoja cha sauti. Bingwa wetu akalisahau hilo. Akakivuta kijiti chini kwa ghadhabu ya jemadari aliyesalitiwa: filimbi ikashuka, naam, na ngoma nazo, na besi, na gita. Akabonyeza kitufe cha kunyamazisha, jeshi zima likafa. Ikabaki sauti ya mama peke yake, inakwaruza, inatetemeka.

Mama akaketi.

"Kumbe nimechakaa hivi? Nitoe humo, baba. Acha filimbi, watu wacheze. Nisimtie binti yangu aibu mbele ya wakwe zake."

Hapo, jamani, hata mimi niliyezoea kumcheka Kidole sikucheka. Bibi harusi alikuwa ameomba kitu kimoja tu, aingie akiimbiwa na mama yake.

Honi ikalia tena. Kidole akapiga moyo konde, akabofya kila kilichoonekana. Kando ya jina "Kinanda" palikuwa na kishale kidogo kama punje ya ufuta, ambacho siku zote alidhani ni uchafu, akikifuta kwa shati. Akakibofya. Lo! Mstari ukafunguka, na chaneli zote zikajitokeza chini yake, kila moja na jina lake na kijiti chake.

"Wewe!" akaiambia filimbi. "Ulijificha nyuma ya wenzio, ukadhani utapona? Kaa huko nyuma, mpishe mama apite!" Akalirudishia jeshi lote sauti yake, kisha akaishusha filimbi peke yake, kidogo tu, kwa kile kidole.

Wimbo ukapigwa. Sauti ilikuwa ileile yenye kukwaruza, ila sasa ngoma zilikuwa chini yake na kila neno lilisikika. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba, akatafuta leso.

"Mpelekee dada yako," akasema. "Akalie hukohuko, mimi nishalia hapa."

Basi andikeni, enyi waandishi wa mambo makuu, na vizazi viambiwe: siku hiyo filimbi ilishushwa kidogo, na mama akasikika.