Kiti cha Mkuu na Kontena Lililofutwa

Jumatatu, 9 Juni
Habari njema! Bosi ametangaza: atakayewaonyesha watu wa zahanati mfumo wao wa miadi ukifanya kazi bila kukwama siku ya Alhamisi, ndiye mkuu wa watengeneza programu. Kiti hicho ni changu. Nimeshamwambia mke wangu. Naye ameshamwambia mama yake. Kurudi nyuma hakuna.

Kikwazo: mfumo unafanya kazi kwenye kompyuta yangu tu. Kwingine unagoma. Mpinzani wangu, Dada Taratibu (hana haraka hata nyumba ikiungua), kanishauri niufungashe ndani ya kontena: programu pamoja na kila inachohitaji, iende popote ikiwa nzima. Nimetabasamu kwa meno tu.

Jumatano, 11 Juni
Nimefungasha. Imekubali hata kwenye kompyuta ya mhasibu! Zimebaki hitilafu mbili: saa zinasomeka vibaya, na kitufe cha kuthibitisha kimekufa. Dada Taratibu anasema nirekebishe maelekezo ya kuundia kontena, kisha niunde jipya. Mzunguko wote huo! Nimeingia ndani ya kontena linalofanya kazi, nikarekebisha humo humo; maelekezo sikuyagusa. Chai haijapoa, kazi imekwisha. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Hao hawajaniona mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Hapa ofisini, kabla ya kila onyesho, makontena yote hufutwa na kuundwa upya kutoka kwenye maelekezo. Najua. Nilikuwepo tulipokubaliana, nilinyoosha mkono. Marekebisho yangu yamekwenda na maji. Mbele ya daktari mkuu, mgonjwa wa saa tatu asubuhi akapangiwa saa tisa usiku. Kitufe kimya. Nikajitetea kwamba jana, kwangu, kilifanya kazi.

Daktari akajibu kwa upole, "Basi wagonjwa tuwalete kwako, jana."

Dada Taratibu akaandika mistari miwili kwenye maelekezo, akaunda kontena jipya. Kitufe kikaitika. Kiti kimekwenda kwake. Nimeumia, sisemi uongo.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeamka na moyo mweupe. Mke wangu kacheka hadi machozi, kisha akasema habari hiyo atampelekea mama yake yeye mwenyewe. Mke ninaye! Mkuu mpya kanipa mfumo wa maktaba, akaniomba kitu kimoja tu: kila rekebisho liandikwe kwenye maelekezo. Nimeapa. Tena nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona wazi: niliingia ndani ya kontena mapema mno. Safari ijayo nitaacha makontena yafutwe na kuundwa upya kwanza, ndipo niingie nirekebishe humo humo.