Mlango wa Marehemu Kobina

Ebo Turkson hakuwa mtu wa magazeti. Yeye alisoma kuta. Kila Jumatatu asubuhi aliuzunguka mji wa Cape Coast mtaa kwa mtaa, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akisoma matangazo ya misiba: picha ya marehemu, umri wake, orodha ndefu ya wafiwa, na chini kabisa nyumba ambayo mwili utalazwa ili uagwe. Riziki ya Ebo ilikuwa hapo chini kabisa.

Kwetu mtu akifa, nyumba ndiyo hupona. Maiti atangoja kwenye jokofu la hospitali miezi miwili, hata mitatu, huku ukoo ukiziba nyufa na kupaka rangi, maana hakuna aibu inayozidi wakwe kufika msibani wakakuta ukuta unamwaga udongo. Mzee aliyevujiwa na paa miaka ishirini huagwa chini ya dari mpya. Tusiulizane kwa nini, ndivyo tulivyo. Na palipo na ukarabati wa haraka, Ebo alikuwapo na futi yake ya kupimia.

"Kobina Acquaye, seremala, miaka sabini na mmoja," alisoma Jumatatu hiyo. "Ataagwa nyumba ya ukoo, baada ya wiki tatu." Akaenda kuiangalia nyumba.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa, ya zamani, iliyojengwa na mfanyabiashara wa mawese ambaye hata wajukuu zake wameshazeeka. Ebo hakuitazama ghorofa. Aliutazama mlango, na moyo wake ukapiga teke. Mlango wa kufunguka pande mbili, mweusi kwa uzee, umechongwa mamba na samaki toka juu hadi chini, na katikati kichwa cha simba cha shaba cha kubishia hodi. Chini mvua ilikuwa imeula. Bawaba zilikuwa zimelegea, upande mmoja umeinama kama mlevi anayetafuta ufunguo.

Ebo alimjua mama mmoja wa Accra, Madam Naadu, anayepamba mahoteli. Huyo hununua milango ya babu zetu, akaiwekea miguu na kioo, na wageni wakala samaki juu yake. Kwa mlango kama huu angetoa pesa ya kununulia pikapu iliyotumika, na pikapu ndiyo iliyokuwa ndoto ya Ebo tangu ujana wake.

Kizingitini alikaa Mama Ekuwa, dada wa marehemu, akifunga kenkey, madonge ya ugali uliochachuka, kwenye maganda ya mahindi.

"Mama, poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Wewe ni wa kanisani au wa bendi?"

"Mimi ni Kontrakta Turkson. Nilikuwa napita zangu, nikauona mlango huu, miguu ikagoma. Mama, mlango huu utaua mtu."

"Mtu ameshakufa."

"Basi wa pili." Ebo aliugonga ubao kwa kidole, akaweka sikio kama daktari. "Mchwa. Nawasikia wanatafuna. Siku ya mazishi watu mia tano watapita hapa. Ukimwangukia mkwe wenu?"

"Yuko mmoja nisingejali," alisema Mama Ekuwa, akachukua ganda jingine.

Ebo alishusha sauti, ile sauti yake ya kumtoa nyoka pangoni. Alieleza kwamba yeye huwasaidia wafiwa. Ataleta mlango mpya bure, na huu wa zamani atauchukua akauchome mbali, mchwa wasije wakala mtaa mzima.

"Bure?"

"Bure, mama. Kwa ajili ya Mungu."

Mama Ekuwa alimtazama mpaka Ebo akajifuta uso. "Mlango si wangu, ni wa ukoo," alisema. "Kaongee na Mjomba Kwamena. Na usiende mikono mitupu, koo lake ni kavu."

Mjomba Kwamena ndiye mkuu wa ukoo, mzee wa miaka themanini mwenye masikio yanayosikia anachotaka. Alipokea chupa mbili za shinapsi, pombe kali ya matambiko, akawamwagia wahenga matone matatu, kisha akazifungia chupa kabatini wahenga wasije wakazidisha.

"Mlango wenyewe wa mbao gani?" aliuliza.

"Mbao nzuri za kiwandani, mjomba, zile za kubandikwa."

"Kobina alikuwa seremala. Unataka apite kwenye boksi la sabuni?"

Ebo alipiga hesabu, akaona faida bado ipo. "Basi uwe wa odum, mjomba. Mti mgumu."

"Wa pande mbili, na uchongwe. Halafu mlango mpya kwenye ukuta mchafu ni kofia mpya juu ya upele. Utapaka rangi mbele yote."

"Mjomba, mimi nilisema mlango tu."

Mama Ekuwa, aliyekuwa amekaa pembeni, alikohoa taratibu. "Mwacheni, mjomba, msimbebeshe mzigo. Si kuna yule bwana mwingine aliyepita jana? Naye anapenda sana milango."

"Nani kasema sitaki?" alisema Ebo kwa haraka. "Rangi gani?"

Walichagua rangi ya maziwa. Kesho yake mjomba alizikumbuka ngazi za mbele, na Ebo alipotaka kunung'unika, yule bwana wa jana akatajwa tena, safari hii akiwa na gari kubwa. Ebo akatengeneza ngazi. Pesa yake ya akiba ilikwisha, akauza pikipiki yake, lakini kila usiku alilala akiiona pikapu, na usingizi ukawa mtamu. Tamaa ni mto laini.

Alhamisi ya wiki ya mazishi, mafundi walitundika mlango mpya wa odum. Ulikuwa mzuri kweli, mtaa mzima ulitoka kuushangaa. Ule wa zamani ukalazwa kwenye gari la kukodi. Mama Ekuwa aliweka kiganja juu ya simba wa shaba, machozi yakamtoka, machozi ya kweli kabisa.

"Nenda salama," aliuambia mlango.

Ebo nusura amwonee huruma, lakini alikuwa na haraka.

Kule Accra, Madam Naadu alivaa miwani, akauzunguka mlango mara mbili. Kisha akatoa kisu kidogo akakwangua nyuma. Chini ya ule weusi wa miaka mia mbao ilikuwa nyeupe pee.

"Huu si mlango wa kale, wala si odum," alisema. "Hii ni wawa, mbao za maboksi ya nyanya." Alinusa. "Kahawa. Na dawa ya viatu."

"Haiwezekani, madam. Angalia simba."

Madam Naadu alimfungua simba kwa bisibisi. Nyuma yake, kwenye ubao, palikuwa na maneno yaliyochomwa kwa msumari wa moto. Aliyasoma kwa sauti: "Kazi ya mikono ya Kobina Acquaye, seremala. Nimeutengeneza mimi mwenyewe, si babu yangu. Wewe uliyeung'oa, karibu mazishini kwangu." Alicheka mpaka ikabidi aukalie mlango. Alipopata pumzi alimnunua simba, kwa bei ya nauli ya kurudi Cape Coast.

Jumamosi Ebo aliingia msibani kifua mbele, amejaa maneno. Watu walikuwa wamevaa nyeusi na nyekundu, wamejaa mpaka barabarani, na msemaji mwenye kipaza sauti alikuwa akitangaza michango, jina kwa jina. Mama Ekuwa alimwona Ebo kabla Ebo hajamwona yeye. Akamnong'oneza msemaji.

"Jamani, tulieni kidogo! Amefika Kontrakta Ebo Turkson! Mlango wa odum, rangi ya nyumba na ngazi, mtu mmoja peke yake!"

Bendi ikalipuka. Vitambaa vyeupe vikapepea juu ya kichwa chake, wanawake wakamzunguka wakicheza, Mjomba Kwamena akamkumbatia na kumkalisha mstari wa mbele kabisa. Yale maneno aliyokuja nayo yakamezwa na tarumbeta. Alipopata nafasi alimwinamia Mama Ekuwa.

"Mama, mmenitapeli."

"Tumekutapeli nini, mwanangu?"

"Ule mlango si wa kale. Ni kazi ya marehemu mwenyewe, imeandikwa nyuma ya simba."

"Wewe ulisema una mchwa, unakwenda kuuchoma. Uliuchoma?"

Ebo aligeuka kuitazama bendi.

"Sasa kama uliuchoma," aliuliza Mama Ekuwa kwa upole, "nyuma ya simba ulisoma saa ngapi?"

Mama Ekuwa alikunja leso yake, na sauti ikabadilika. "Daktari alipomwambia Kobina kuwa haponi, hakuwa na mtoto wala akiba. Alichonga miezi minane, mgonjwa hivyo hivyo. Nilimwambia apumzike. Akasema, Ekuwa, hawa wapenda milango wanazunguka mjini, niache nimalize. Mlango huu utanizika." Akajifuta macho. "Hakuwahi kuzikwa mtu vizuri hivi katika ukoo wetu. Asante, mwanangu."

Ikafika saa ya kutoa jeneza. Kwa kuwa yeye ndiye mfadhili, Ebo alipewa heshima ya kushika mlango. Aliushika. Kobina Acquaye alipita katikati ya odum, amebebwa na wanaume sita, na bawaba hazikulia hata kidogo. Ebo ndiye aliyelia, kwa kwikwi, na watu wakasema huyu kontrakta ana moyo wa dhahabu.

Ebo akiwa bado anapenga kamasi, mtu mmoja mnene alimgusa bega. "Bwana Kontrakta, sisi nasi tuna msiba mwezi ujao. Nyumba yetu ni ya babu, na mlango ni wa zamani mno. Utatusaidia?"

Macho ya Ebo yalianza kung'aa yenyewe, kwa mazoea. Akayafuta.

"Kwanza niambie," alisema. "Huyo marehemu wenu alikuwa anafanya kazi gani?"