Solo Iliyotoka Mkobani mwa Uesile

Jumatatu, 29 Juni

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana inauma.

Mazoezi ya bendi nyumbani kwa Kepueli, kiongozi wetu. Fundi seremala, mtu asiyejua kusifu. Nikapiga solo yangu, macho nimefumba kama kawaida. Tamu! Nilipofumbua, nikakuta bendi nzima inaiimba kwa midomo bila sauti. Nota mbili mbele yangu! Mpiga yukulele alikuwa anaiimba huku anatafuna gimbi.

Kepueli akasema basi, inatosha. Akasema vidole vyangu vina miaka kumi na mmoja vinapanda ngazi ileile, nota nane juu, nota nane chini, kama mtu anayerudi kuhakikisha kama alifunga mlango. Jumamosi ni mashindano ya tamasha la Heilala ukumbini. Nije na solo mpya. La sivyo kiti cha solo anakaa Uesile, na mimi nahamia besi ya sanduku.

Besi ya sanduku! Kasha la majani ya chai, fimbo, uzi mmoja. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu!

Uesile ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi Kalolaine. Amerudi kutoka Auckland mwezi wa tatu na magitaa mawili na viatu vyeupe. Akanipiga bega. "Pole, binamu. Sanduku nalo lina raha zake." Nikacheka. Moyoni nikala kiapo.

Jumanne, 30 Juni

Kepueli alinishauri niache kuzipiga nota kwa mpangilio. Niruke moja. Nianzie katikati. Nipande ngazi nzima kwenye uzi mmoja tu. Ushauri wa kawaida. Mimi nina akili zaidi ya hapo.

Mbinu ya kwanza: nimetoa nyuzi tatu ili vidole vikose njia ya zamani. Matokeo: vidole vimeipata njia ya zamani.

Mbinu ya pili: nimefunga kidole cha pete kwa kitambaa. Vile vingine vikafanya kazi yake bila kulalamika. Sijawahi kuona utiifu wa namna hii, na sikuuomba.

Mbinu ya tatu: kumfuata nguruwe wetu. Akielekea uzioni, napanda. Akirudi jikoni, nashuka. Mpango mzuri sana, na kwa dakika tano nilipiga vitu ambavyo sijawahi kuvisikia. Kisha nguruwe akalala. Nikashikilia nota moja robo saa nzima. Mke wangu Lavinia akauliza kutoka jikoni kama huo ni wimbo au aite mtu.

Jumatano, 1 Julai

Ushindi! Nimempata!

Nilikwenda kwa Shangazi Kalolaine kurudisha mbuzi ya kukunia nazi. Shangazi hakuwepo sebuleni, yuko uani anasuka kiekie za kinamama wa kwaya, ile mikanda yenye mashada wanayovaa kiunoni. Anataka kumi na mbili zinazofanana kwa ajili ya Jumamosi. Kwenye kochi, mkoba wa gitaa la Uesile. Mimi sikuufungua. Zipu ilikuwa imefika nusu, nikaisaidia.

Ndani: karatasi. Juu ya karatasi: namba!

Hapa Tonga hata mtoto anajua maana yake. Nota zetu tunaziandika kwa namba, tatu ndiyo ya chini, tisa ndiyo ya juu. Tumezisoma kanisani tangu hatujui kujipenga makamasi. Na karatasi nzima haikuwa na sifuri, haikuwa na moja, haikuwa na mbili. Ushahidi gani tena unatafutwa? Solo ya siri ya Uesile, nota mbilimbili, jozi kumi na mbili!

Tatu-nane. Nne-nne. Nne-sita. Tatu-tisa. Tano-tatu...

Nikaiazima. Nimeitia ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, mahali ambapo hakuna atakayeshuku. Uesile si anasema sanduku lina raha zake? Basi ataijua raha hiyo mwenyewe.

Alhamisi, 2 Julai

Nimeshinda nyuma ya nyumba na gitaa. Lazima niseme kweli, kijana ana kipaji. Kila jozi inaanzia chini, tatu au nne au tano, halafu inarukia popote inapotaka. Hakuna ngazi. Hakuna mlango wa kuhakikisha. Asubuhi vidole vyangu vilikuwa vinagongana. Mchana vikaanza kuruka vyenyewe. Nikaijaribu taratibu, nikaijaribu haraka, nikaijaribu kwenye uzi mmoja, nikaiweka kwenye mwendo wa dansi. Kila mara ilitoka kitu kipya. Miaka kumi na mmoja, na leo ndiyo mara ya kwanza sijui nota inayofuata itaangukia wapi! Nilicheka peke yangu. Machozi kidogo pia, lakini hayo si ya kuandikwa.

Jioni Shangazi alikuja, jasho linamtoka. Anauliza kama kuna aliyeona karatasi yake. Alimpa Uesile aende nayo mjini kununua kamba za kufungia zile kiekie, na yule mzembe ameipoteza. Sasa itabidi apite tena kwa kinamama wote kumi na wawili na utepe wa kupimia, na mara ya kwanza tu walimsumbua mpaka akaapa juu ya Biblia kutunza siri.

Nikampa pole. Nikamwambia karatasi yake sijaiona. Kweli tupu. Niliyoiona ni ya Uesile.

Kazi za kusuka zina usumbufu wake. Nikarudi kwenye gitaa.

Ijumaa, 3 Julai

Mazoezi ya mwisho. Nimekataa katakata kupiga solo mpya. Nimemwambia Kepueli ni ya mashindano tu. Akaniangalia kama mbao yenye ufa. Akasema kesho, solo mpya, au sanduku, na asisikie maneno mengine.

Uesile anajifanya hana wasiwasi. Hakutaja karatasi hata mara moja! Ameuliza tu kama nimelala vizuri, kwa sababu macho yangu ni mekundu. Kuigiza anajua. Lazima anaungua ndani.

Usingizi haukuja, ni kweli. Nimefikiria kiti changu. Kipo mbele kabisa, karibu na mwimbaji, watu wanaona hadi viatu. Kijiji kizima wananiita Peni wa Solo. Penisimani wanaitwa watu wanne hapa. Wa Solo ni mmoja. Wakiniondoa pale, nitakuwa Peni yupi? Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 4 Julai, mchana

Saa nane kamili tunaingia. Nimevaa shati jipya. Kinamama wa kwaya wamekaa mstari wa mbele kabisa, kumi na wawili, kwa mpangilio wao wa kuimba, kiekie viunoni zinang'aa. Shangazi amezimaliza. Lavinia wangu ni wa tatu, amependeza sana. Mama Mchungaji, sauti nzito kuliko zote, ni wa mwisho.

Ukumbi umejaa. Nitaandika ushindi jioni.

Jumamosi, 4 Julai, jioni

Niandike kwa utaratibu.

Zamu yetu ilifika. Wimbo ukaenda, nikaingia na solo. Nimeipiga taratibu, kila jozi peke yake, ili watu waionje. Tatu-nane. Nne-nne. Nikaona vichwa vya kinamama vinainama upande, kama wanavyofanya wakisoma wimbo mpya. Kwaya yetu ikisikia nota haiwezi kuiacha, lazima itamke namba yake. Wakaanza kuimba taratibu. "Tatu-nane... nne-nne..." Walikuwa wanatabasamu!

Kwenye nne-sita Lavinia akafunga mdomo.

Nikaona ameguswa. Nikaendelea. Jozi moja, mama mmoja ananyamaza. Jozi nyingine, mwingine ananyamaza. Nikasema moyoni, nimewaliza mmoja mmoja! Wanaume nyuma wakaanza kucheka kwa furaha, wakapokea wao, sauti nzito ukumbi mzima. "Nne-nane! Nne-tatu!" Nikafika jozi ya mwisho, tano-tisa, nikaikaza kwa mtetemo. Mama Mchungaji akasimama. Mzima mzima, mkono kifuani.

Heshima gani hii! Nikainama. Nikairudia solo yote.

Mara ya pili wanaume waliimba kwa kunyoosha vidole, mama mmoja baada ya mwingine, mstari mzima. Nilifikiri wanahesabu mapigo. Makofi hayajawahi kusikika vile. Nikairudia mara ya tatu.

Nyuma ya jukwaa nikamkuta Kepueli amekaa chini kwenye mchanga, analia. Nikamwambia asante, ndugu. Hatimaye akaniuliza kama najua nimepiga nini. Nikasema solo ya... yangu. Akasema nimepiga viuno. Viuno vya kwaya nzima, kwa inchi, kwa mpangilio wa kukaa, mara tatu.

Salale.

Uesile alikuwa ameegemea ukuta, ameshika mbavu kwa kicheko. "Binamu! Mimi nilidhani nimeipoteza njiani, kumbe wewe umeipata mkobani mwangu! Huko Auckland nimesoma muziki miaka minne, hakuna aliyetufundisha kupiga kinamama!"

Matokeo yalitangazwa. Tumeshika nafasi ya kwanza. Majaji, watu wa kijiji kingine, wamesema hawajawahi kusikia solo mpya namna ile. Kepueli ni mtu wa neno lake. Akapangusa macho, akasema mbele ya wote kwamba kiti cha solo ni changu.

Changu! Nilikuwa bado nimeinua mikono juu wakati Shangazi Kalolaine alipofika. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliliangalia gitaa langu, akalipapasa shingo.

"Gitaa zuri hili, mwanangu. Nimelipenda."

Kwetu shangazi akikipenda kitu chako, hakuna mjadala. Dada ya baba ndiye mkubwa. Unakitoa kwa mikono miwili na unashukuru. Nikalitoa kwa mikono miwili. Nikashukuru. Akamkabidhi Uesile palepale.

Kiti nimebaki nacho.

Jumapili, 5 Julai

Kanisani. Kinamama kumi na wawili wameimba bila kunitazama. Kiekie hata moja haikuvaliwa. Mama Mchungaji amejifunga kiunoni mkeka mpana, ule wa kuvaliwa matangani. Mchungaji amehubiri juu ya ulimi. Gitaa hakulitaja, lakini kila alipotua aliniangalia mimi.

Lavinia hasemi nami. Kwa miaka yote amewaambia watu kiuno chake ni arobaini kamili. Nikamwambia mimi naona arobaini na sita ni namba nzuri, inaruka vizuri sana. Nyama yangu ya kondoo na majani ya gimbi ikaenda kwa jirani. Nimekula kiazi kikuu kikavu, nimekaa kwenye ngazi ya nje, na nguruwe.

Kupiga chochote leo ni mwiko, siku ya Bwana. Nimefanya mazoezi kwa kidole juu ya paja. Hata bila gitaa ile solo inaruka! Nimehuzunika na nimefurahi kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 6 Julai

Asubuhi nimekwenda kwa Shangazi kuomba radhi, nimeketi chini kama inavyotakiwa, kichwa nimeinamisha. Amesema amenisamehe kwa sababu mimi ni damu yake. Amesema gitaa nitaliona tena siku kinamama wote kumi na wawili watakapocheka na mimi. Ameuliza kama nimejifunza kitu.

Nikamwambia nimejifunza sana.

Na kweli. Nimekaa mchana kutwa nikilichambua kosa langu, na ni moja tu, dogo. Niliipiga karatasi kutoka juu kwenda chini, mbele ya watu wanaokaa kutoka kulia kwenda kushoto. Lazima wangejitambua! Karatasi yenyewe haina hatia. Solo ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga, majaji wamethibitisha. Kuitupa ni dhambi.

Jumamosi ijayo jioni kuna chakula cha kwaya, na Kepueli amekubali kuniazima gitaa la mtoto wake. Nitawapigia kinamama wenyewe, kwa kuomba radhi, watacheka, gitaa langu litarudi. Safari hii naipiga kinyumenyume. Naanza na ya mwisho, na kila jozi naigeuza. Nne-sita itakuwa sita-nne. Lavinia hataweza kusema lolote. Tano-tisa itakuwa tisa-tano, na ndiyo itakayofungua, kwa sauti ya juu.

Mama Mchungaji hawezi kukasirika. Atajionea mwenyewe kwamba sikumtaja. Nani amewahi kumwona mwanamke mwenye kiuno cha inchi tisini na tano?