Karafuu kwenye Aiskrimu ya Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 6
Nimemkosea mke wangu. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea. Nimechota lita mbili za maziwa yake ya vanila, yaliyokwisha kupikwa, bila ruhusa. Ijumaa mpishi mkuu wa hoteli anakuja dukani kuonja aiskrimu yake. Akiipenda, itauzwa hotelini kila siku. Mke wangu kaisubiri siku hiyo mwaka mzima. Mimi kazi yangu dukani ni kuosha ndoo. Nina miaka hamsini na moja. Mtu wa umri huu anataka angalau ladha moja aiite yake.
Nikachemsha mdalasini, nikamimina maji yake kwenye maziwa. Vikombe vitatu. Imeganda kama jiwe. Ukitafuna, ni kama unatembea kwenye kokoto. Nimeila yote kuficha ushahidi.

Jumanne, tarehe 7
Kipimo kajua. Ni mdogo wake mke wangu, ndiye anayeendesha mashine. Tunamwita hivyo kwa sababu hata sukari ya chai anaipima kwa mizani. Akaniuliza mbele ya dada yake kama panya wa siku hizi wanakunywa maziwa kwa lita. Nikasema dunia imebadilika. Baadaye akanivuta pembeni, akanieleza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea kwamba ukizidisha maji unapata barafu, shemeji, hiyo si siri. Imeniuma. Huyu nimemjua tangu utotoni, hana meno ya mbele.
Nimeloweka karafuu na iliki kwenye pombe kali. Chupa nzima. Tutaona.

Jumatano, tarehe 8
Friza imeunguruma usiku kucha. Pombe ile niliitia kwenye maziwa mengine ya vanila, haikuganda. Uji mtupu. Kipimo kachungulia, kasema pombe haigandi kwenye friza hii hata tukeshe tukiiombea. Mke wangu akauliza nani kanywa asubuhi yote hii. Nikasema ni dawa yangu ya kifua. Akanipa pole, akanipikia supu. Nimeinywa macho chini. Namdanganya mtu anayenipulizia kijiko.

Alhamisi, tarehe 9
Nimepata. Mafuta ya karafuu! Yale ya duka la dawa, ya kupaka jino likiuma. Hayana maji, hayana pombe. Mke wangu kaitoa aiskrimu ya kesho mashineni, bado laini, kafunga ndoo. Kwake ndoo ikishafungwa haiguswi mpaka mgeni afike, maana ikifunguliwa-funguliwa inaota barafu. Akaenda benki. Kipimo yuko kwa kinyozi. Nikafungua.
Matone matano. Nikaonja: karafuu kwa mbali. Kumi. Nikaonja: kwa mbali zaidi. Ajabu, kila nikiongeza ladha inapungua. Mafuta hafifu haya. Nikamaliza chupa, nikakoroga, nikafunga. Laini mno, inateleza kama losheni.
Jioni mke wangu akauliza mbona naongea kama nimeumwa na nyuki. Nikasema uchovu.

Ijumaa, tarehe 10
Mpishi kafika saa tisa. Mnene, mpole. Ndoo ikafunguliwa, duka zima likanuka daktari wa meno. Kipimo akanigeukia mimi moja kwa moja, kama hakuna mtu mwingine duniani. Mpishi ana adabu, kala vijiko sita. Akasema ni laini, ila inaacha mafuta mdomoni. Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelielewa, ulimi wake ulishakufa ganzi. Akaondoka mbio. Usiku huu analisha wageni mia mbili, mkutano wa madaktari wa presha.

Jumamosi, tarehe 11
Mhudumu wa hoteli, mteja wetu, kaleta habari. Mpishi alionja supu, hakusikia chumvi. Akatia. Akaonja, bado. Akatia tena. Madaktari wa presha wamekunywa maji mpaka tangi likakauka. Mwenyekiti wao kapimwa presha na katibu wake mezani pale pale. Hoteli imesema aiskrimu yetu isivuke geti.
Nimekiri yote. Mke wangu hakufoka. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema mwaka mzima, baba watoto. Basi. Afadhali angenichapa kwa mwiko. Kipimo akasema shemeji, unga wa dada umeumwaga wewe.

Jumapili, tarehe 12
Nimetubu, na nimeahidi. Jumatano hii, tarehe 15, saa nne kamili asubuhi, nitasimama mbele ya mpishi, jikoni kwake, wasaidizi wake wote wakisikia. Nitasema mke wangu hana kosa, ni mimi, chupa nzima. Nitamwomba aonje vanila yake tupu, isiyoguswa. Mke wangu kakubali kwa shingo upande. Kipimo ataifunga ndoo hiyo kwa kufuli, na yule mhudumu ataniombea ruhusa getini.
Nimefikiria sana nilipokosea. Ni kuonja. Nisingeonja, nisingeongeza. Kwa hiyo nimetengeneza kwa siri kibakuli kingine cha kuombea radhi, aiskrimu ya mafuta ya pilipili kichaa, na sikukionja hata kidogo. Mpishi ataanza na hicho.